Kaa wa mikoko asiyeonekana kwenye mwongozo: je, ni spishi mpya?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi za bahari. Katika mikoko ya Tanga tumekusanya kaa kumi na mmoja wa familia ya Sesarmidae, madume wanne na majike saba. Usoni wana mstari wa buluu inayoelekea kijani. Mwongozo tulio nao una *Perisesarma guttatum* peke yake, ambaye magando yake ni mekundu. Ya hawa si mekundu. Wanane wako kwenye spiriti na watatu kwenye formalini. Jeni ya COI (ya mitokondria, inayotumika sana kutambua spishi) ya mmoja wao imetofautiana kwa asilimia 6 na mfuatano wa karibu zaidi tuliouona GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA. Je, tumepata spishi mpya? Na kama ndiyo, anaandikwaje hadi jina likubalike?

Jibu: Kwa ulivyoeleza, huenda kaa wenu tayari ana jina, tena la Kiswahili: *samawati*. David Gillikin na Christoph Schubart walimweleza mwaka 2004 kutokana na utafiti uliofanyika Kenya na Tanzania, na jina alilipata kwa rangi ya uso wake. Kabla ya hapo maandishi kuhusu pwani yetu yalikuwa na *guttatum* tu katika kundi hilo, kwa hiyo mwongozo wowote wa kabla ya 2004 hauwezi kumwonyesha. Sisemi kwamba ndiye, maana kwa rangi pekee hakuna awezaye kuamua. Ila huyo ndiye wa kwanza mnayepaswa kumlinganisha na kaa wenu, na mpaka hapo msimpe mtu yeyote habari za spishi mpya.

Mtamkuta kwa majina mawili. Mwaka 2004 aliwekwa kwenye jenasi *Perisesarma*. Baadaye, katika mapitio yaliyotoka 2018, Shahdadi na Schubart walionyesha kwamba jino dogo la pembeni mwa gamba, nyuma ya kona ya tundu la jicho, haliendi sambamba na ukoo. Jino hilo ndilo lililokuwa likitenganisha *Perisesarma* na *Parasesarma* kwa zaidi ya karne. Spishi nyingi zikahamishiwa *Parasesarma*, na hizi mbili zetu zimo. Leo anaandikwa *Parasesarma samawati* (Gillikin & Schubart, 2004), na mabano yanayozunguka majina ya watunzi yanaarifu kwamba spishi imehama kutoka jenasi iliyotungiwa kwanza. Kwa hiyo mnapotafuta maandishi au mifuatano ya DNA, tafuteni chini ya jenasi zote mbili. Rekodi nyingi hazijasahihishwa, na huenda asilimia 6 yenu imetokana na hilo tu: mmelinganisha na *guttatum* kwa kuwa *samawati* hakujitokeza.

Kazi kubwa ya kueleza spishi mpya haiko kwenye kumchora kaa wako. Iko kwenye kuthibitisha kwamba hakuna jina lililokwisha kutolewa linalomhusu, na hilo hudai uwajue majirani zake wote kuliko unavyomjua yeye. Angalieni yaliyotokea hapa hapa kwetu. Kaa mkubwa wa mashimo ya juu ya mikoko aliitwa *Neosarmatium meinerti* tangu De Man alipotoa jina hilo mwaka 1887, hadi Ragionieri, Fratini na Schubart walipoligawa kundi hilo mwaka 2012, na kaa wa pwani ya bara la Afrika Mashariki akawa *Neosarmatium africanum*. Yule mdogo anayepunga gando moja kubwa kwenye mchanga wa mikoko aliitwa *Uca annulipes*, jina la mwaka 1837 lililotandazwa kuanzia Afrika hadi Asia. Mwaka 2016 Naderloo, Schubart na Shih walionyesha kuwa wa Afrika Mashariki ni spishi nyingine, ambaye sasa huitwa *Austruca occidentalis*. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuwa adimu. Walikuwa tele, watu wakiwakanyaga kila maji yakipwa, lakini walikaa chini ya jina la jirani. Kaa mpya katika pwani iliyosomwa kidogo mara nyingi hupatikana hivyo, na kumtenga na jirani huyo ndiko kunakomtambulisha.

Basi anzeni na orodha. Chukueni kila jina lililo chini ya *Parasesarma* na jenasi za karibu kutoka hifadhidata ya WoRMS, pamoja na visawe, yaani majina yaliyowahi kutolewa yakaonekana kuwa ya spishi ile ile. Orodha kuu ya kaa wa kweli ya mwaka 2008, ya Ng, Guinot na Davie, ilihesabu spishi 6,793, na nyingi zimeongezwa tangu hapo, kwa hiyo orodha ya kitabu peke yake haitoshi. Wekeni alama kwanza kwenye zile zinazojulikana magharibi mwa Bahari ya Hindi, kisha panueni hadi India na visiwa vya Asia. Halafu someni maelezo ya asili ya kila mmoja, si muhtasari wa mtu mwingine. Mengi ya karne ya 19 yanapatikana bure katika Biodiversity Heritage Library: Hilgendorf aliandika kwa Kijerumani mwaka 1869 juu ya kaa wa safari za von der Decken Afrika Mashariki, na mwaka huo huo A. Milne-Edwards akamtaja *guttatum* kwa Kifaransa. Maelezo ya enzi hiyo huwa mafupi mno, pengine mistari michache isiyo na mchoro.

Visawe ndivyo vinavyowanasa wengi. Jina lililozikwa mwaka 1910 chini ya *guttatum* linaweza kuwa ndilo jina halali la kaa mliye naye. Hapo kinachotakiwa ni kulifufua, na mkitunga lingine, la kwenu ndilo litakalozikwa. Ili kujua hilo lazima mjue kielelezo kinachobeba jina, yaani taipu, kikoje. Kila jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo, si kwenye maelezo. Kikiwa kimoja kilichoteuliwa na mtunzi huitwa holotaipu. Kikiwa kimepotea na kuna mkanganyiko wa kweli, kingine huteuliwa badala yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaa koko, *Scylla serrata*, aliyekusanywa na Forsskål katika safari ya Uarabuni na kuchapishwa 1775, miaka 12 baada ya mkusanyaji kufia Yemen. Keenan, Davie na Mann walipotenganisha spishi nne za *Scylla* mwaka 1998, walilazimika kuteua kielelezo kipya kutoka Bahari ya Shamu ili jina *serrata* litulie mahali pamoja.

Hamtahitaji kusafiri hadi Paris au Berlin. Waandikieni wasimamizi wa mikusanyo barua pepe fupi yenye jina la spishi, mtunzi na mwaka, na muombe picha mahususi: mgongo, upande wa chini, uso kwa mbele, sehemu ya nje ya gando kubwa na ya juu ya kidole kinachocheza, na gonopodi ya kwanza ya dume, yaani kijiti cha uzazi kilichofichwa chini ya tumbo. Mkiomba “picha za taipu” bila kutaja sehemu, mtapata picha moja ya mgongo, na kwa Sesarmidae mgongo hausemi kitu.

Kuhusu hiyo asilimia 6

Hakuna kiwango kinachofanya kaa kuwa spishi mpya. Katika jenasi moja tofauti ya asilimia 3 ya COI inaweza kuwa kati ya spishi mbili halali. Katika nyingine, makundi ya spishi moja yaliyotenganishwa na bahari yakafika hapo. Namba yenu ina maana ikiwekwa kando ya namba nyingine mbili: *guttatum* na *samawati* wanatofautiana kwa kiasi gani, na kaa wa spishi moja wanatofautiana kwa kiasi gani wao kwa wao. Kwa kaa mmoja aliyesomwa hamuwezi kupata hiyo ya pili. Someni angalau watano, wakiwemo *guttatum* wa mkondo ule ule mliowakusanya na kuwatambua kwa mikono yenu.

Kuna mtego mwingine unaotokea sana kwa kaa. Vipande vya COI huwa vimehamia kwenye kiini cha seli na kubaki humo kama nakala mfu, na praima za kawaida (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili jeni), LCO1490 na HCO2198, zinaweza kuikuza nakala hiyo badala ya jeni yenyewe. Dalili zake ni vilele viwili mahali pamoja kwenye kromatogramu (grafu ya usomaji wa DNA), kodoni za kikomo (alama za kumaliza protini) katikati ya mfuatano, au herufi kuongezeka na kupungua kwa idadi isiyogawanyika kwa tatu. Kipande kamili kiwe na herufi 658; tafsirini kuwa asidi amino kwa jedwali la kodi za mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo, na kikikatika njiani, kitupeni. Ongezeni 16S, jeni nyingine ya mitokondria, ambayo hubadilika polepole na ina kumbukumbu nyingi kwa Sesarmidae, na ikiwezekana jeni moja ya kiini kama histoni H3.

Jambo la mwisho hapa: jina lililoko GenBank ni la aliyepakia, na hakuna aliyemkagua kaa wake. Mfuatano usio na namba ya kielelezo kwenye makumbusho wala mahali alipokusanywa ni uvumi tu.

Vielelezo mlivyo navyo

Wale watatu wa formalini wanafaa kwa umbo, lakini DNA yao imeharibika au iko mbioni kuharibika. Msichague holotaipu kati yao. Wale wanane, angalieni ni spiriti gani. Ile ya dukani yenye rangi ya zambarau huacha rangi kwenye gamba, na nguvu yake haijulikani. Kwa DNA mnataka ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ujazo usiopungua mara tatu ya kaa, na ibadilishwe baada ya saa 24, kwa sababu maji ya mwilini mwa kaa huipunguza nguvu. Kwa kuhifadhi miaka na miaka, asilimia 70 hadi 75 inatosha na haifanyi viungo kuwa vikavu vya kuvunjika. Lita moja ya asilimia 70 hupatikana kwa kupima mililita 737 za ethanoli ya asilimia 95 na kujaza maji safi hadi mililita 1,000. Maji ya bahari yataleta utando mweupe.

Mtahitaji kurudi kukusanya, maana madume wanne ni wachache. Kanuni inaridhika na kielelezo kimoja, wahakiki hawaridhiki. Kusanyeni madume kumi hivi waliokomaa wa ukubwa tofauti, majike wengine kama hao, hasa wenye mayai, na wadogo kadhaa. Kaa akitumbukizwa hai kwenye spiriti hujikata miguu, na holotaipu asiye na magando ni aibu itakayodumu karne. Mpozeni kwanza kwa barafu, kisha friza, au mmlaze kwa mafuta ya karafuu ndani ya maji ya bahari mpaka aache kujibu akiguswa. Mafuta hayo yachanganyeni kwanza na ethanoli kidogo, vinginevyo yataelea juu na kaa abaki macho chini.

Kabla hajafa, apigwe picha. Rangi za kaa huanza kupotea kwenye spiriti ndani ya saa chache, na baada ya mwezi wote watakuwa wa rangi moja ya majani makavu. Picha ziwe nne kwa uchache: mgongo, chini, uso na magando, kando yake kipimo cha milimita na kadi ya rangi, kwenye kivuli, bila mmweko wa simu. Andikeni namba ya kaa ndani ya picha. Picha nzuri isiyojulikana ni ya kaa yupi haitumiki popote. Kisha mkate mguu mmoja wa nyuma wa upande wa kulia, uingie kwenye kijichupa cha mililita 2 chenye ethanoli ya asilimia 95 na namba ile ile. Upande wa kushoto uachwe mzima kwa kuchorwa.

Lebo iingie ndani ya chupa pamoja na kaa, karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka. Iwe na nchi, mkoa, jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja, latitudo na longitudo kwa desimali pamoja na mfumo (WGS84), aina ya mikoko na umbali kutoka ukingo wa maji, kina cha shimo kama alikuwa shimoni, tarehe yenye mwezi kwa maneno, aliyekusanya, na namba ya kaa. “Tanga, mikokoni” haitamsaidia mtu atakayetaka kurudi pale baada ya miaka hamsini. Kila kaa awe kwenye mfuko wake wa kitambaa chepesi. Wakikaa pamoja, miguu iliyokatika haitajulikana ya nani.

Sehemu za kutazama

Ukipata gonopodi ya kwanza umepata nusu ya kazi. Ni jozi ya vijiti vigumu vilivyofichwa chini ya tumbo la dume lililokunjwa, na ncha yake hutofautiana kati ya spishi hata pale gamba linapofanana kabisa. Funueni tumbo taratibu kwa kibano chembamba chini ya hadubini ya macho mawili, ng'oeni ya kushoto kutoka shinani, iwekeni kwenye gliserini. Ichoreni mara mbili, ikiwa na vinyweleo na baada ya kuvinyoa, kwa sababu vinyweleo huficha umbo la ncha. Zinatakiwa pande mbili za kijiti kizima na ncha iliyokuzwa, kila mchoro na mstari wa kipimo. Pembe ya kutazama ikigeuka kidogo tu, ncha itaonekana imepinda zaidi au kidogo kuliko ilivyo, na hapo ndipo spishi za uongo huzaliwa. Wekeni gonopodi za spishi mnazolinganisha katika pembe ile ile na mzichore ninyi wenyewe. Kulinganisha mchoro wenu na wa mtu wa mwaka 1950 ni kulinganisha wachoraji.

Kwa Sesarmidae sehemu ya pili ni gando la dume. Juu ya kiganja kuna safu za vimeno vilivyopangwa kama kitana: hesabuni safu, na vimeno katika kila safu. Juu ya kidole kinachocheza kuna mfululizo wa vinundu. Idadi yake, umbo la kila kimoja, na kama vinafika hadi ncha ni alama zinazotumika sana katika *Parasesarma*. Hesabu zitolewe kwa kaa wote na ziandikwe kwa upana wake, kwa mfano 14 hadi 17, si wastani peke yake. Kwa jike tazameni umbo la tundu la uzazi na kinacholizunguka. Mengine, kama paji, uwiano wa upana na urefu wa gamba, urefu wa miguu na sehemu ya mwisho ya tumbo la dume, yapimeni kwa kalipa hadi sehemu ya kumi ya milimita, mkieleza upana umepimwa kati ya nukta zipi. Upana wa kati ya kona za macho na upana mkubwa wa gamba ni namba mbili tofauti, na makala nyingi hazisemi zilipima upi.

Kinachodanganya ni vitu vinne. Umri: magando hukua kwa kasi kuliko gamba, hivyo dume mdogo wa spishi moja hufanana na spishi nyingine. Gando lililoota upya baada ya kukatika huwa na umbo la ajabu, na kaa wa hivyo asitumike kwa maelezo. Kaa aliyetoka kujivua gamba ni laini, vipimo vyake havitegemeki. La nne ni vimelea vya aina ya *Sacculina*, ambavyo hufanya tumbo la dume lipanuke kama la jike na gonopodi zidumae. Mkiona kifuko laini chini ya tumbo ambacho si mayai, mtengeni. Rangi nayo isiwe hoja ya kwanza. Kwa kaa hawa rangi ya uso hutofautiana kati ya mmoja na mwingine na huweza kufifia baada ya kushikwa. Isaidie hoja, isiwe ndiyo hoja.

Kuandika

Kama baada ya yote haya kaa wenu amesimama peke yake, tofauti na *samawati*, *guttatum* na wengine wote, kwa umbo na kwa DNA, sasa ana haki ya kuandikwa. Sehemu ya mfumo wa makala huenda hivi: familia, jenasi, jina jipya likifuatwa na alama ya spishi mpya, kisha namba ya ZooBank, rejista ya majina ya wanyama. Orodha ya vielelezo hufuata, holotaipu kwanza, jinsia na vipimo vyake, namba ya makumbusho, mahali na tarehe. Kisha parataipu, yaani vielelezo vingine vya spishi hiyo hiyo mlivyotumia kuieleza, halafu vielelezo vya spishi nyingine mlizolinganisha. Ndipo utambulisho mfupi, ambao ni alama zinazomtenga tu, kisha maelezo kamili kutoka gamba hadi gonopodi, rangi akiwa hai, makazi, asili ya jina, na maoni. Wanaoanza huweka nguvu kwenye maelezo kamili na kuandika maoni kwa aya moja. Mhakiki husoma maoni kwanza. Humo kila spishi ya karibu itajwe kwa jina na tofauti zioneshwe moja baada ya nyingine, huyu ana hiki, wetu ana kile, pamoja na namba ya mchoro. Ufunguo wa kutambua spishi za ukanda wetu ukiongezwa, makala itasomwa hata na wasiojali majina.

Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne linalotumika tangu 1 Januari 2000, inadai mambo machache bila mjadala: jina litangazwe waziwazi kuwa jipya, maneno yaeleze alama zinazomtenga, holotaipu iteuliwe, na itajwe mkusanyo utakaoihifadhi. Makala ikitoka mtandaoni pekee, isajiliwe ZooBank kabla ya kuchapishwa, na uthibitisho wa usajili pamoja na tarehe ya kuchapishwa viwemo ndani ya makala yenyewe. Usajili haulipiwi. Likikosekana moja kati ya haya, jina halipo kisheria hata kama kila mtu analitumia.

Hapa nawaonya kwa sababu wewe ni mwanafunzi: usiweke jina jipya kwenye tasnifu, bango la mkutano, wala mitandao ya kijamii. Tasnifu kwa kawaida si chapisho kwa maana ya Kanuni, na jina litaanza kuzunguka bila mwenyewe. Andika *Parasesarma* sp. A mpaka makala itoke.

Jina lenyewe ni lenu kuchagua. Liwe kwa herufi za Kilatini zisizo na alama. Sifa ya Kilatini hufuata jinsia ya jenasi, ndiyo maana ni *africanum*, kwa kuwa *Neosarmatium* haina jinsia ya kike wala ya kiume. Neno la lugha nyingine kama *samawati* halibadiliki popote liendapo. Mkimheshimu mtu, mwanamume huishia -i na mwanamke -ae. Kujiita mwenyewe Kanuni haijakataza, lakini wenzako hawatasahau.

Holotaipu isibaki kabatini kwa msimamizi wenu. Iende kwenye taasisi yenye mkusanyo wa kudumu, mtu wa kuongeza spiriti na utaratibu wa kuazimisha. Parataipu zigawanywe: sehemu ibaki nchini, sehemu iende makumbusho mengine makubwa. Moto wa Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Septemba 2018, uliteketeza mikusanyo mingi kwa usiku mmoja, na taipu zilizokuwa na ndugu zao kwingine ndizo zenye nafuu. Kabla ya hapo hakikisheni mna kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa wenzetu wa Kenya, na kibali tofauti cha kusafirisha vielelezo au tishu nje. Majarida huuliza namba ya kibali, na makumbusho ya nje hayapokei mzigo usio nayo. Kuhusu jarida, *Zootaxa* huchapisha bila ada mkikubali makala isiwe huria. *Raffles Bulletin of Zoology* ndilo lililobeba mapitio ya *Scylla* na kazi nyingi za kaa wa Bahari ya Hindi.

Na mkikuta ni *samawati*, msitupe kazi. Mifuatano ya COI na 16S kutoka Tanga, yenye vielelezo vilivyosajiliwa, picha za walio hai na majina sahihi ya jenasi, itamfaa kila atakayefika GenBank baada yenu. Kwa sasa fanyeni mawili: chukueni dume mkubwa kuliko wote kati ya wale wanane, mchore gonopodi yake na kidole kinachocheza cha gando, kisha mviweke kando ya michoro ya makala ya 2004. Ikibaki tofauti ambayo ukubwa au umri hauielezi, nitumieni michoro hiyo pamoja na hesabu za vinundu vya madume wote wanne.